Mama, Fungua Kabati la Vyombo

Katika nyumba nyingi za milimani kwetu, toka Mapera hadi Litembo, fedha za kahawa zikishalipwa huja jioni ya kugawa mahitaji. Kwanza mahitaji ya shule ya watoto, kisha mbolea na dawa ya mikahawa, mabati, mablanketi na sabuni. Mwishoni kabisa, kama kuna kilichobaki, mama hutamka kwa sauti ya chini jambo alilolibeba moyoni tangu msimu uliopita: bilauri sita, jagi, au bakuli la kioo lenye rangi. Mara nyingi baba hucheka na kuuliza, "Kioo kinaliwa?" Mama naye huona haya, kana kwamba ameomba kitu cha aibu.

Vyombo vikipatikana huwekwa kabatini, kabati hufungwa, na ufunguo hufungwa kwenye pindo la kitenge. Tangu siku hiyo watoto hunywa maji katika vikombe vya plastiki, na bilauri humngoja mgeni wa heshima: Padre, mkwe, au ndugu wa Dar es Salaam. Siku mtoto akivunja moja, kelele hufika kwa jirani wa tatu, na pengine fimbo pia.

Mama msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya vyombo vizuri vya kioo. Je, kuvipenda ni anasa? Vipi vyafaa kukusanywa, na mtu avipangeje katika nyumba ya mkulima? Vikikusanywa, ni mali ya nani? Tutaanza mbali kidogo, Marekani, kwani huko kuna aina moja ya kioo ambayo historia yake inatufaa sana sisi wenye fedha ndogo.

Kioo cha senti chache

Kioo chochote huanza na mchanga. Mchanga huchanganywa na magadi na chokaa, vikayeyushwa katika tanuru lenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Sentigredi, mpaka vikawa kama asali nzito. Asali hiyo ya moto hutiwa katika kalibu ya chuma iliyochongwa maua, zabibu au ndege, kisha hukandamizwa, na bakuli hutoka likiwa na michoro yake.

Aina tunayoizungumzia huongezewa jambo moja. Chombo kingali cha moto, fundi hukipulizia chumvi za madini, hasa za chuma au za bati. Chumvi hizo huacha juu ya kioo utando mwembamba mno. Nuru ikiupiga utando huo, sehemu yake hurudi kutoka juu ya utando, na sehemu nyingine hurudi kutoka chini yake. Miali hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi hupata nguvu na nyingine hufifia. Ndiyo sababu ukigeuza bakuli mkononi, dhahabu yageuka zambarau, zambarau yageuka kijani. Umekwisha kuliona jambo hilohilo katika povu la sabuni siku ya kufua, na katika tone la mafuta ya taa likielea juu ya dimbwi.

Mwishoni mwa karne ya 19, Louis Comfort Tiffany wa New York alikuwa akitengenezesha vyombo ving'aavyo hivyo kwa mkono, kimoja kimoja, navyo vilinunuliwa na matajiri. Kisha mwaka 1907 kiwanda cha Fenton, katika mji wa Williamstown, jimbo la West Virginia, kikaanza kutoa vyombo vya kung'aa kwa njia ya kalibu, vingi na kwa bei ndogo. Mwaka uliofuata Harry Northwood, fundi mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa na kiwanda Wheeling katika jimbo hilohilo, naye akaanza. Wakafuata wengine, kama Imperial wa Ohio na Dugan wa Pennsylvania. Bakuli lenye rangi za upinde wa mvua, ambalo zamani lilikuwa la meza ya tajiri, sasa mke wa kibarua aliweza kulinunua kwa senti chache. Watu waliviita vyombo hivyo "Tiffany wa maskini".

Kufikia miaka ya 1920 na 1930 watu walivichoka. Inasimuliwa kwamba vilivyobaki viligawiwa kama zawadi katika michezo ya bahati kwenye tamasha za mitaani, na kutokana na tamasha hizo lilipatikana baadaye jina la "kioo cha kanivali". Havikuwa na heshima tena. Vingine vilisahauliwa juu ya makabati ya jikoni, vingine vikawekwa vifungo na sindano.

Lakini katika miaka ya 1950 watu walianza kuvitafuta upya. Leo bakuli la aina ya kawaida hupatikana Marekani kwa makumi machache ya dola, ila vile vilivyo adimu hufikia maelfu ya dola mnadani. Viwanda vya zamani vimekwisha kufungwa; hata Fenton iliacha kutengeneza kioo chake mwaka 2011. Vyombo vilivyobaki vilitunzwa kwa sehemu kubwa majumbani, na watu waliokuwa wakiviosha, wakavipangusa na kuvirudisha mahali pake. Bila mikono hiyo, isingebaki hata sahani moja ya kupigia mnada.

Sisi nasi tunacho chetu

Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba kupenda vyombo vya kioo ni kuiga Wazungu. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, kuta za chumba cha ndani zilijengwa zidaka, yaani vishimo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, na humo viliwekwa vyombo vizuri vilivyoletwa na majahazi. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi ya kale yalipambwa kwa bakuli za Kichina zilizokazwa ndani ya chokaa.

Tena tunaye shahidi mwanamke. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1867 alibatizwa huko Aden akapewa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886, aliueleza kwa undani upambaji wa vyumba vya kwao: shubaka za ukutani zilizopangwa kwa ulinganifu vyombo vya kioo na vya kauri vilivyo bora, na jinsi wenyewe walivyokuwa hawajali gharama ili kuvipata. Mjane yule, aliyekuwa mbali na kwao kwa miaka mingi, alivikumbuka vyombo vya nyumbani.

Kwetu Nyasa kioo kilifika kwa njia nyingine. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Kilwa ilipanda hadi ziwani ikiwa na nguo na shanga za kioo, na ikarudi pwani na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Ni vema kuikumbuka habari hiyo, ingawa ni chungu. Palikuwa na siku katika nchi hii shanga za kioo zilipokuwa sehemu ya bei ya mtu. Kwa hiyo sisi, kuliko wengine, tusikubali kioo kiwe na thamani kuliko mtu, hata kama mtu huyo ana miaka sita na ameteleza na bilauri mkononi.

Ukitaka kukusanya

Kioo cha kanivali si rahisi kukipata Mbinga, lakini si jambo lisilowezekana. Huweza kuja kwa ndugu aliye ng'ambo, kwa wageni wanaouza vitu vyao wakirudi kwao, au katikati ya vyombo vya mitumba. Vyombo vya namna hiyo vilitengenezwa pia Uingereza, Australia na Firozabad nchini India, kwa hiyo si kila king'aacho kimetoka Marekani. Ukikutana nacho, fanya hivi:

Kwanza, tazama kitako chake. Kielekeze kwenye mwanga, kwa kuwa mara nyingi sehemu ya chini haikupuliziwa, na hapo ndipo utaiona rangi halisi ya kioo: zambarau, buluu, kijani, au kisicho na rangi. Chombo cha rangi ya machungwa, kilicho cha kawaida kuliko vyote, mara nyingi ni kioo cheupe kilichopuliziwa utando huo. Chekundu halisi ni adimu.

Pili, tafuta alama. Northwood alivitia baadhi ya vyombo vyake herufi N ndani ya duara, lakini alama hiyo imeigizwa sana, basi peke yake haitoshi. Ukiona jina Fenton limekandamizwa ndani ya umbo la yai, jua kwamba chombo hicho ni cha mwaka 1970 au baada yake. Vingi sana, kisha, havikutiwa alama yoyote.

Tatu, pitisha kidole polepole ukingoni, na ugeuze chombo juani. Ufa na pengo hupunguza thamani yake sana. Tena usilipe bei ya kale kwa chombo kipya, maana viwanda vya Asia vimetoa vingi vya kuigiza.

Nne, na hili ndilo kubwa: usikope. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, kina habari ya mjane ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili. Nabii Elisha alimwagiza aazime vyombo vitupu kwa majirani. Mafuta yakavijaza, akauza, akalipa deni. Vyombo vile viliwaokoa watoto na deni. Mama anayechukua bakuli kwa mkopo wa kikundi, halafu mtoto akakosa daftari, amekigeuza kisa hicho juu chini.

Kama kioo cha kanivali hukipati, usihuzunike. Jicho lililojifunza huona vizuri popote. Chupa ya zamani ya buluu au ya kijani, bilauri za rangi alizoachiwa mama na bibi, sahani ya kioo yenye michoro ya maua: hivyo navyo hukusanyika. Navyo hupendeza zaidi vikikaa jirani na udongo wa ziwani kwetu. Vyungu vya akina mama wa Kikisi, wanaofinyanga Ikombe na sehemu za Matema, kaskazini mwa ziwa, wakavipamba kwa rangi nyeupe na nyekundu ya udongo, ni kazi ya mikono isiyopungua heshima mbele ya kioo cha taifa lolote.

Kupanga katika nyumba ndogo

Kioo huishi kwa mwanga. Kikiwa katika kona yenye giza, bakuli la kanivali huonekana kama bati lililoshika kutu. Kikipata mwanga wa dirishani kwa ubavu, huamka. Kwa hiyo, badala ya kuanza na kabati, anza na dirisha. Chagua mahali jua la asubuhi linapoingia, nje ya njia ya watoto na kuku, weka ubao imara, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma. Ukungu wa mwezi Juni na Julai unapotanda milimani na jua likawa adimu, hapo ndipo utajua kazi ya chombo kimoja kinachong'aa chumbani.

Usijaze. Vyombo vitatu vyenye nafasi kati yake huonekana. Kumi na viwili vilivyobanana huwa duka. Kirefu kikae nyuma, kipana mbele. Nyuma yake ukuta uwe wa rangi tulivu, maana kioo cha rangi nyingi hakipatani na karatasi za kalenda zenye picha nyingi. Rangi ya machungwa hupendeza juu ya mbao nyeusi. Ya buluu na zambarau hupendeza juu ya kitambaa cheupe.

Na bakuli lipewe kazi. Majira ya mapera, lijaze mapera, ya njano na mabichi kidogo, uliweke mezani. Hata mtu asiyejua lolote la kioo atasimama kulitazama. Siku ya Jumapili litie maua ya bustanini. Jioni likusanye familia kwa ndizi au karanga. Watoto wakizoea kula karibu na kitu kizuri, hujifunza kukishika kwa mikono miwili. Wasiowahi kuruhusiwa kukigusa ndio wanaokivunja siku ya kwanza wanapokigusa.

Utunzaji

Uzuri wa kioo cha kanivali uko juu yake, katika utando ule mwembamba, na utando ukisuguliwa haurudi. Kwa hiyo kiosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa kitambaa au sponji. Majivu, mchanga na steliwaya viachieni sufuria. Dawa kali za kung'arisha na za kutoa madoa msizitumie. Msiweke ndani yake siki, achari wala maji ya ndimu kwa muda mrefu.

Msitie chai ya moto wala uji. Kioo cha zamani kikipata joto la ghafla hupasuka. Hali kadhalika kikitolewa kwenye maji ya moto na kutumbukizwa kwenye ya baridi. Tandikeni taulo ndani ya beseni kabla ya kuosha, mwoshe kimoja kimoja, na mkivipanga kimoja ndani ya kingine, wekeni karatasi au kitambaa katikati.

Ni mali ya nani?

Akina mama wenzangu, hapa tuseme wazi. Tunajua yanayotokea katika baadhi ya familia siku ya msiba. Matanga hayajaisha, na wifi au shemeji amekwisha kuhesabu vilivyomo kabatini. Mjane hubaki na vikombe vya plastiki.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitoa. Sheria hiyohiyo husema kwamba mume akimpa mkewe zawadi, au mke akimpa mumewe, hiyo huhesabiwa kuwa mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Aliyepika, akalea, akabeba mavuno ya kahawa kichwani, hakukaa bure.

Basi andikeni. Katika daftari la nyumbani orodhesha kila chombo: kilinunuliwa lini, kwa fedha ya nani, au kilitolewa zawadi na nani. Ongea na mumeo mkiwa wazima na wenye amani, muandike wosia mbele ya mashahidi. Vile unavyotaka binti yako avirithi, mwambie sasa, na umsimulie habari zake. Chombo kisicho na habari huuzwa kwa bei ya chupa tupu.

Je, ni anasa?

Ayubu, katika sura ya 28, alipotafuta kitu cha kulinganisha na hekima, alitaja dhahabu na kioo pamoja; enzi zake kioo kilikuwa hazina ya wakubwa. Leo mkulima anaweza kuwa nacho mezani. Na rangi zile zinazocheza juu ya bakuli ni rangi za upinde ambao, katika kitabu cha Mwanzo, Mungu aliufanya uwe ishara ya agano lake na Nuhu. Aliyeziumba rangi hizo hawezi kumchukia mama anayezipenda.

Lakini upendo huo una kipimo chake. Kama chombo kinamfanya mama amchukie jirani mwenye kizuri zaidi, au kinamtia deni, au kinamfanya ampige mtoto, hapo kimeacha kuwa pambo. Kama kinamkaribisha mgeni, kinamfundisha mtoto utaratibu, na kinamfurahisha yule anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho nyumbani, hakuna wa kuuliza kama kinaliwa.

Jumapili hii, mama, toa ufunguo pindoni. Osha bilauri zote, zipange mezani, na mgeni wa kwanza kunywa ndani yake awe mwanao. Ikivunjika moja, okota vipande kwa uangalifu, mtazame mtoto mikono kama hakujikata, kisha mjazie maji katika nyingine.